Maji ya Kuogeshea Mbwa

Watoto wa kaka yake walimwita Shangazi Mbwa, tena walimwita hivyo akiwa amekaa mbele yao, na mama yao akiwasikia na kuendelea kuchambua mchele.

Sura ya mbwa hakuwa nayo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye shingo ya kuvalia mkufu kama angekuwa na mkufu. Ni kazi yake tu iliyokuwa ya mbwa. Alikuwa mwogesha mbwa wa mtaa wa juu, na miaka kumi na tisa ya kazi hiyo ilikuwa imemwandika mwilini. Kucha zimelika. Mkono wa kushoto umejaa makovu ya meno, mapya juu ya ya zamani. Na ngozi yake ilinuka dawa ya kupe, harufu kali kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na maua, ambayo haikutoka kwa sabuni, kwa ndimu wala kwa maombi.

Kila Jumapili alishuka bondeni kumwamkia mama yake mzazi, aliyekuwa akitunzwa kwa kaka. Wifi alimpokea getini na kopo la maji na jivu.

"Nawa kwanza, wifi yangu. Usinielewe vibaya, mgonjwa ana kifua."

Akishanawa mpaka viwikoni hupewa kigoda barazani na kikombe chake, kile kilichovunjika mkono, ambacho hakikuchanganywa na vyombo vya wenye nyumba. Bibi kizee hutolewa nje ameshikwa kwapa, wakazungumza mambo mawili matatu, kisha hurudishwa ndani ati upepo utampiga. Miaka kumi na tisa Shangazi hakuvuka kizingiti cha chumba cha mama yake. Na alichokitaka duniani kilikuwa hicho tu: aingie, akae kitandani, amsuke mama yake nywele. Mengine yote alikwisha kuyameza.

Hakuzaliwa na mbwa. Alimaliza darasa la saba, akaolewa na utingo wa lori aliyekuwa na maneno matamu na miguu myepesi. Maneno yakaisha, miguu ikabaki, siku moja ikaondoka naye. Kaka, ambaye wakati huo alikuwa na bwawa moja la samaki, dogo hata bata angelivuka bila kuchoka, alimwambia kwamba nyumba yake haina nafasi ya mke wa mtu. Akapanda mtaa wa juu kutafuta kazi ya kufua. Mwenye nyumba wa kwanza kumfungulia geti alimtazama toka juu mpaka chini, akamwambia nguo zina mtu tayari, ila mbwa ana viroboto. Akamwogesha mbwa. Mbwa akamng'ata. Kesho yake alirudi kumalizia miguu ya nyuma.

Siku hizo mbwa walikuwa wachache na kazi yao ilijulikana: kubweka. Waliishi kwa makombo. Halafu watu wa mtaa wa juu wakaanza kushindana kwa mbwa kama wengine wanavyoshindana kwa mapazia. Kukawa na mbwa wa geti, mbwa wa watoto, mbwa wa kupakata, na mbwa wa kumliwaza yule wa kupakata asijione mpweke. Nyumba thelathini, mbwa themanini. Chakula chao kikaja kwa magunia, nyama na samaki wa kusagwa. Kilichotoka upande wa pili kikazolewa kwenye mifuko ya plastiki, mifuko ikafungwa fundo zuri, na fundo hilo zuri likatupwa mtaroni. Mvua ikinyesha, mtaro uliibeba mifuko. Isiponyesha, mifuko ilingoja.

Mtaro uliteremka mpaka kijito cha bondeni. Kijito kiliingia kwenye mabwawa ya kaka, ambayo sasa yalikuwa sita, kikatokea upande wa chini, kikapita kando ya kiwanja cha mjane mmoja aliyeitwa Mama Bata, kikaendelea zake kwa watu wa baada ya daraja. Hiyo ndiyo njia ya maji, na haikuwa na kona ya kujificha.

Kwa miaka mingi Shangazi aliogesha kwa pipa. Jumamosi alijaza pipa moja kwenye uwanja ulio kando ya mtaro, akatia dawa kipimo kimoja, akawatumbukiza mbwa mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alitoka na rangi yake, wa mwisho alitoka na rangi ya pipa. Jioni pipa lilifunikwa, likatumika hata Jumamosi tatu kabla ya kumwagwa. Kazi ilikuwa chafu, lakini ilimwaga kidogo.

Aliyeivuruga alikuwa mama mwenye Malkia. Malkia alikuwa kijibwa cheupe kisicho na shingo, kilichotembea kama kinakanyaga mayai ya watu.

"Mbwa wangu haogi tena maji ya mbwa wa jirani," alisema mama huyo. "Mimi na mume wangu wenyewe hatuogi maji mamoja."

"Ni dawa ileile, mama."

"Dawa ni ileile, makalio siyo yaleyale."

Neno hilo lilipita nyumba kwa nyumba haraka kuliko kupe. Mwezi haukuisha, kila mbwa akawa na beseni lake na maji yake mapya. Kifuniko kimoja cha dawa kilitosha beseni zima. Chupa iliandikwa hivyo na daktari wa mifugo alisema hivyohivyo. Lakini akina mama wenye mbwa walikuwa na mizani yao, nayo ni pua. Mbwa akirudi nyumbani hunuswa mgongoni. Asiponuka dawa, hajaoga, na mwogeshaji ni mwizi. Shangazi akaitwa mwizi mara mbili. Mara ya tatu akatia vifuniko vitatu, na tangu hapo hakuna aliyemsema. Jioni ya Jumamosi alikuwa akimwaga mtaroni mabeseni themanini ya dawa kali, moja baada ya jingine, mgongo ukimuuma kwa namna ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

Vyura wa mtaroni walinyamaza mwezi wa kwanza. Wa pili, kereng'ende waliokuwa wakicheza juu ya maji wakatoweka. Shangazi aliona, maana macho anayo. Akajiambia kiangazi kimewahi.

Jumapili moja, kijito kimekonda hata mtoto angekiruka, alifika kwa kaka akakuta geti liko wazi, hapana kopo wala jivu. Watu wote walikuwa mabwawani. Perege walikuwa wameelea tumbo juu, wakubwa kwa wadogo, maji yamekuwa meupe kwa matumbo yao. Wachache waliobaki hai walizungukazunguka ubavuubavu, kama walevi wanaotafuta mlango. Kaka, ambaye watu walimwita Bwana Samaki naye hakuwakataza, alikuwa amesimama majini mpaka magotini na suruali yake ya Jumapili.

"Kuna mtu kanitilia sumu," alisema.

"Mtu ana mahali anapolala," alisema wifi, akanyoosha mdomo kuelekea upande wa chini. "Tuseme tu."

Upande wa chini ni kwa Mama Bata. Huyu alikuwa mjane mnene, mwenye bata arobaini na kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo, anayekaa kwenye ardhi ya mtaa kwa ruhusa ya mdomo ya mwenyekiti aliyepita. Bata wake walikuwa wakipanda na kijito kwenda kula vifaranga vya samaki. Kaka aliwahi kuwapiga mawe watatu wakafa. Siku hiyo Mama Bata alisimama ukingoni na maiti za bata wake mkononi, akamwambia mbele za watu kwamba hao samaki watamtoka puani.

"Samaki wangu mabwawa yote sita wamekwisha," alisema kaka. "Bata wake, hesabuni, hata mmoja hajaumwa kichwa. Ni sumu gani hiyo inayojua kuchagua?"

Bata wenyewe walikuwa palepale kwenye bwawa la mwisho, wanakula samaki waliokufa kwa utulivu wa waalikwa.

Shangazi alikuwa amesimama juu, pale kijito kinapoingilia bwawa la kwanza. Palikuwa na povu jembamba limeshika majani. Akainama kama mtu anayefunga kiatu, akavuta pumzi. Harufu ileile. Alikuwa akilala nayo, akiamka nayo, akila nayo. Hakuhitaji mtu wa kumwambia: dawa inayoua kupe ikamwacha mbwa inaweza pia kuua samaki ikamwacha bata. Akainuka akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Hakuna. Katika nyumba ile hawakuwa na mazoea ya kumtazama.

Alipotoka alipitia kwa Mama Bata, kama alivyofanya kila Jumapili. Huko hakunawishwa. Mama Bata alikunywa chai nusu kikombe, akamsogezea nusu iliyobaki, na alikuwa na maneno yake ya siku zote: "Mimi nalala na mavi ya bata, wewe unalala na viroboto. Nani amnawishe mwenzake?" Leo hakuyasema.

"Mwenyekiti kaniita ofisini Jumatano," alisema. "Ikionekana ni mimi, natolewa hapa. Shoga, nina miaka kumi na mmoja hapa. Mume wangu nimemzikia pale nyuma ya banda."

"Hukutia kitu?"

"Ningekuwa na uwezo wa kununua sumu ningenunua bati. Paa linavuja unaliona." Akamtazama. "Wewe una pua. Unajua maji ya huko juu. Unafikiri ni nini?"

Shangazi alikunywa chai yake yote mara moja, ingali ya moto.

"Sijui," alisema.

Neno hilo lilimkaa rohoni siku mbili kama mfupa wa samaki. Lisemwe lililo kweli: hakuwa mwanamke mbaya, au tuseme hakuwa amepata bado sababu ya kuwa mbaya. Jumanne alasiri alichota maji ya beseni kwenye chupa, maji aliyotoka kumwogeshea mbwa wa jaji mmoja wa mtaa wa juu ambaye hakuweza kungoja Jumamosi, akateremka kwa kaka. Wifi alimkuta getini kabla hajabisha.

"Leo si Jumapili."

"Najua. Nataka kusema na kaka."

Kaka alikuwa kwenye ua wa nyuma, kando ya tangi la saruji alimofuga samaki wa mbegu kwa maji ya bomba. Hao walikuwa wazima. Alikuwa akiwatazama kama mtu anayetazama watoto waliosalia.

"Kaka, ni mimi niliyewaua," alisema Shangazi. "Siyo Mama Bata. Ni maji ya kuogeshea mbwa."

Wifi ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Wifi yangu jamani. Miaka kumi na tisa hujaweza kumaliza viroboto vya mtaa mmoja, leo umalize samaki wa mabwawa sita?"

"Hata sumu anataka awe nayo yeye," alisema kaka. Lakini hakucheka sana.

"Nipe samaki wawili na beseni."

"Uwapike?"

"Uwaone."

Wakamletea. Samaki wawili wa mbegu, wanene, wakaogelea kwenye beseni la maji safi kama walivyozoea. Shangazi akafungua chupa, akamimina kiasi cha nusu glasi. Wifi alikuwa na kitunguu mkononi. Akaendelea kumenya ili aonyeshe kwamba ana kazi. Samaki wa kwanza akaanza kutetemeka mkia. Akapiga ukuta wa beseni, akarudi, akapiga tena. Akalala ubavu, akafungua mdomo juu ya maji, akafunga, akafungua, hakufunga. Wa pili alikuwa mbishi, akachukua muda mrefu zaidi. Kitunguu cha wifi kilikuwa bado hakijaisha.

Kaka alimtoa samaki mmoja akamgeuzageuza kiganjani, akanusa vidole vyake, kisha akanusa hewa upande aliokaa dada yake.

"Kesho nitamwambia mwenyekiti," alisema Shangazi. "Yule mwanamke hana kosa."

"Mletee kiti," kaka alimwambia mkewe.

"Kigoda kipo barazani."

"Nimesema kiti."

Kikaletwa kiti cha sebuleni, chenye mto. Shangazi akakalia ukingo wake, kama mtu aliyeambiwa akalie kitanda cha wageni.

"Nisikilize vizuri, dada." Miaka mingi hakuwa amemwita dada. "Ukimwambia mwenyekiti, mwenyekiti atapanda mtaa wa juu. Akawaambie kule kwamba mbwa wao wameua samaki wangu. Sasa wewe unajua nusu ya samaki wangu huenda wapi?"

Alijua. Wale wadogo wasiouzika sokoni walikaushwa, wakapelekwa kwenye mashine ya kusaga chakula cha mbwa. Magunia aliyoyaona kila Jumamosi yamesimama kwenye vibaraza vya mtaa wa juu yalikuwa na perege wa kaka yake ndani.

"Mbwa walewale," alisema kaka. "Wanawala waliokufa na wanawaua walio hai, na bado wao ndio wateja. Nikigombana na mbwa, nimuuzie nani? Nikuuzie wewe?"

"Basi waambiwe dawa ipunguzwe. Kifuniko kimoja kinatosha."

"Nani awaambie?"

Shangazi alikwisha kumwona mwenye Malkia akinusa mgongo wa mbwa wake.

"Ukikiri, kabla ya saa sita mchana umefukuzwa," alisema kaka, sasa kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko dharau yake. "Ataletwa mwogeshaji mwingine na mabeseni mengine. Samaki wangu watakufa vilevile, wewe utakufa njaa, na yule mwanamke ataendelea kunifugia bata juu ya vifaranga vyangu. Nani atakuwa amepona hapo?"

"Mama Bata."

"Mama Bata ni ndugu yako?"

Wifi alipasua kitunguu.

"Maji lazima yamwagwe mahali," alisema kaka. "Mimi sisemi yasimwagwe. Nasema yasimwagwe juu yangu. Yamwagwe chini yangu. Pale kwa yule mwanamke pakibaki wazi, nitaomba mwenyekiti anipe kwa ajili ya familia. Walinzi watakuletea mbwa kwa kamba, utawaogeshea pale, nafasi ipo, kijito kipo. Utajenga chumba chako. Mama atakuwa hatua arobaini kutoka kwako." Akageukia nyumba. "Nenda ukamwamkie. Yuko macho."

"Hajanawa," alisema wifi.

Kaka alimtazama mkewe tu. Wifi akainama, akatafuta kitunguu kingine.

Shangazi akaingia. Chumba kilikuwa kidogo kuliko alivyokiota: kitanda cha chuma, ndoo, dirisha lenye wavu uliotoboka, picha ya baba yao ukutani imepigwa na jua mpaka uso umefutika. Mama yake alikuwa amekaa amejiegemeza, kichwa kimejaa mvi zilizosongamana. Hakuna aliyezigusa kwa miezi. Shangazi akakaa kitandani nyuma yake, akachukua kitana, akaanza kuzifumua taratibu kuanzia nchani.

"Ni nani?" aliuliza bibi kizee.

"Ni mimi, mama."

"Mikono yako inanukia dawa." Akafikiri kidogo. "Vizuri. Hapa kuna mbu."

Alisuka mistari sita, myembamba na iliyonyooka. Alipomaliza, jibu la kesho alikuwa nalo tayari. Hakujipa taabu ya kujidanganya kwamba amelazimishwa. Alikuwa amenunuliwa, na alijua kwamba kwa bei hiyohiyo angekubali miaka kumi na tisa iliyopita.

Ofisi ya mtaa ilikuwa chumba kimoja chenye meza, mabenchi mawili na kabati lisilofungwa. Jumatano watu walijaa mpaka dirishani, maana samaki wafu walikuwa wamenuka bonde zima na kila aliyenusa alijiona ana haki ya kusikiliza. Kaka alieleza. Wifi aliongezea pale kaka alipoacha, na pale alipokuwa hajaacha.

"Mwenyekiti," alisema Mama Bata, amesimama, mikono kifuani, "kwangu ni chini ya mabwawa. Maji hayapandi mlima."

"Maji hayapandi," alisema mwenyekiti. "Wewe una miguu."

Watu wakacheka. Mama Bata mwenyewe alikaribia kucheka, kwa mazoea.

"Na bata wako wamepona kwa dua?"

"Sijui wameponaje. Bata ni bata. Mimi si daktari." Kisha akageuka, akamtafuta Shangazi kwenye benchi la nyuma, akamwona, na uso wake ukatulia. "Muulizeni huyu. Anaujua mto ule toka mtaroni mpaka kwangu. Ana pua kuliko sisi wote. Ni damu ya mlalamikaji, lakini ni mtu wa haki. Atakalosema nitalikubali."

Mwenyekiti akamwita asimame.

"Wewe ni dada wa Bwana Samaki."

"Ndiyo."

"Na huyu mama ni rafiki yako."

"Huwa tunakunywa chai."

"Unajua chochote juu ya vifo vya samaki hawa?"

Kaka alikuwa akitazama kidole gumba chake. Shangazi alitazama ukuta, juu ya kichwa cha mwenyekiti, mahali pasipokuwa na kitu.

"Mimi naogesha mbwa, mwenyekiti. Habari za samaki wanazijua wenye samaki."

"Huyu mama hajapata kukwambia neno lolote juu ya samaki wa kaka yako?"

Hapo angeweza kusema hapana, ikaishia hapo. Hapana ingekuwa uongo mdogo, tena wa msaada. Lakini alikuwa amekwisha kuingia majini, na mtu akiwa majini haogopi tena kulowa.

"Alisema watamtoka puani," alisema.

Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyomaliza shauri. Mwenyekiti akaandika. Mama Bata akapewa siku saba. Hakulia, hakutukana, watu waliokuja kuona vituko waliondoka wamekasirika kama walioahidiwa ngoma wakakuta kikao. Alipompita Shangazi mlangoni alisimama.

"Mtu wa haki," alisema kwa sauti ya chini, kama anayejaribu kukumbuka nani alimwambia neno hilo. Akapita.

Alitumia siku tatu tu kati ya saba. Jumamosi asubuhi alikuwa akiwaingiza bata kwenye matenga, wawili wawili, akiwasukuma vichwa kwa kiganja. Walinzi wa mtaa wa juu walikuwa wamekwisha kuteremsha mabeseni na chupa za dawa, wakayapanga kando ya banda lake kabla banda halijawa wazi. Shangazi alifika na brashi zake. Akasimama. Kisha, kwa kuwa mikono haikujua la kufanya, akamshikia tenga moja.

"Acha," alisema Mama Bata. "Watanuka."

Akaliachia.

"Ulijua tangu siku ile ya Jumapili?"

"Tangu siku ile."

"Nilifikiri hivyo. Chai uliinywa haraka mno." Alifunga tenga kwa kamba, akakaza fundo kwa meno. "Na ulikwisha kumwambia kaka yako?"

"Nilimwambia. Nilimwonyesha kwa macho."

"Akasemaje?"

"Akanipa kiti."

Mama Bata aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu akaiona si ghali.

"Unahamia wapi?" Shangazi aliuliza.

"Kwa binti yangu, hapo chini baada ya daraja. Ana watoto watatu na hana bomba. Wanaoga mtoni, wanachota mtoni. Ni kijito hikihiki." Alitazama mabeseni, akayahesabu kwa macho, hakufika mwisho. "Utakuwa unamwaga Jumamosi tu?"

"Jumamosi tu."

"Basi sisi tutachota Ijumaa."

Akajitwika tenga la kwanza. Matenga mengine yalimfuata kwenye toroli, na bata walipiga kelele njia nzima mpaka darajani.

Mbwa wa kwanza aliletwa saa nne. Alikuwa Malkia. Shangazi akajaza beseni, akatia vifuniko vitatu, akakiinua kijibwa kwa ngozi ya shingo na kukitumbukiza. Kilipiga kelele kidogo, kisha kikatulia, kikitazama kijito kwa macho ya mwenye mali. Kwenye bwawa la sita, hatua chache juu, kaka alikuwa akimimina vifaranga vipya kutoka kwenye ndoo. Akainua mkono kumsalimia dada yake, watu wakiona.

Mwezi wa pili mbwa walikuwa zaidi ya mia, kwa sababu mahali pa kuwaogeshea palikuwa pazuri na mitaa mingine ilisikia. Siku moja haikutosha tena. Shangazi akaongeza Jumatano, kisha akaongeza Ijumaa. Wifi alikumbusha siku moja, wakiwa wamekaa chumbani kwa bibi kizee wote watatu na chai zao, kwamba labda itafaa watu wa baada ya daraja wapelekewe habari ya siku hizo mpya.

"Itafaa," alisema Shangazi. Akaendelea kusuka.

Hakuna aliyetumwa.